Umepandikizwa figo na ngozi imeanza kusumbua: krimu, kidonge au hospitali?

Hii naiandika kwa watu wa huku kwetu Kigoma na majirani zetu wa Tabora, maana ndugu wenye figo ya kupandikizwa sa hivi tunao mitaani, sio kama zamani ambapo ukisikia mtu kawekewa figo ujue kaenda India. Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018, kwa hiyo mtu anawekewa figo hapa hapa nchini, akipona anarudi Kasulu, Kibondo, Urambo au Nzega anaendelea na maisha. Tatizo ni kwamba kliniki ya figo imebaki huko huko na duka la dawa lipo hapa nje, ukitoka getini tu umefika. Sasa ngozi ikianza kuwasha usiku nani atapanda basi la Dodoma kwa ajili ya kuwashwa? Hakuna. Anaenda dukani. Na hapo dukani ndo uchaguzi unapofanyika, mara nyingi bila mtu kujua kwamba amechagua kitu.

Mimi sio daktari, ni dada wa mgonjwa. Ila ile figo ilikuwa yangu kabla haijawa ya kaka yangu, kwa hiyo nikiona inachezewa na vidonge vya kubahatisha nina haki ya kukasirika, na nimekaa kwenye benchi za kliniki nikiuliza maswali mpaka manesi wakanizoea.

Msimamo wangu nauweka mapema: kwa mtu wa figo ya kupandikizwa, cha kupaka na cha kumeza ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama vinatibu fangasi ile ile. Krimu inaishia kwenye ngozi. Kidonge kinaingia kwenye damu, kinapita kwenye ini, na huko kinakutana na takrolimasi (dawa anayomeza ili mwili usiikatae figo). Wakigombana anayeumia ni figo. Kwa hiyo nikilinganisha hapa chini swali langu kubwa sio tu ipi inatibu haraka, bali pia ipi inaweza kutumika bila kugusa levo ya takrolimasi (kiasi chake kwenye damu), na ni wakati gani krimu ni kupoteza muda na unatakiwa ukimbie hospitali.

Kwanza kwa nini ngozi inasumbua hivi. Wengi wanameza dawa tatu: takrolimasi (wengine saiklosporini), maikofenoleti au azathioprini, na prednisoloni. Zote kazi yake ni kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Kinga ikishuka, vijidudu ambavyo kila mtu anaishi navyo kwenye ngozi bila habari vinapata nafasi. Prednisoloni nayo inafanya ngozi iwe nyembamba, inachubuka kirahisi, kidonda kinachelewa kupona na sukari inaweza kupanda, na sukari ikipanda majipu na fangasi vinafurahi. Jingine ambalo watu hawalijui: homa inaweza isije. Mtu ana maambukizi makubwa halafu joto la mwili liko kawaida kwa sababu kinga iliyotakiwa kupiga kelele imenyamazishwa. Kwa hiyo ile "hana homa, atakuwa sawa" tunayoizoea kwa watoto haifai kwa hawa watu.

Fangasi

Hapa ndo pana mambo mengi na ndo watu wengi wanapoanzia. Kigoma kuna joto la unyevu la ziwani, mvua zikianza mwisho wa mwaka nguo hazikauki vizuri, kwapa, kinena, chini ya matiti na katikati ya vidole vya miguu hukauki. Tabora jua la Septemba na Oktoba linakutoa jasho mpaka shati linashika mgongo. Mba wa mwilini (yale mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni) na choa (ile duara yenye kingo zilizonyanyuka inayowasha) ni vya kawaida mno.

Dukani utaonyeshwa makundi matatu.

La kwanza ni krimu za fangasi tupu: klotrimazoli, mikonazoli, terbinafini ya kupaka, na ile mafuta ya Whitfield ya siku nyingi ambayo ni asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki. Klotrimazoli inapatikana karibu kila duka na bei yake haiumi. Whitfield ni nafuu zaidi na inafanya kazi vizuri kwenye miguu na ngozi ngumu, ila inachoma, usiipake usoni wala kinena wala palipochubuka, na kwa mtu wa prednisoloni ngozi ni laini kwa hiyo mi naiweka nafasi ya pili. Kosa kubwa la watu na krimu ni kupaka siku nne muwasho ukiisha wanaacha. Paka mara mbili kwa siku, vuka kingo za baka kama sentimita mbili kwenda kwenye ngozi inayoonekana nzima, endelea wiki mbili hivi hata baada ya baka kupotea. Tyubu moja mara nyingi haitoshi, nunua mbili kabisa ujue. Mba wa mgongo mzima krimu utachoka, hapo shampuu ya seleniamu salfaidi au ya ketokonazoli unapaka mwilini, unaiacha dakika kadhaa kisha unaoga, na ni rahisi zaidi kuliko kumaliza tyubu sita.

La pili ni krimu za mchanganyiko, zile zenye betamethasoni na gentamaisini na klotrimazoli kwenye tyubu moja. Wauzaji wanazipenda kwa sababu zinaonekana zinatibu kila kitu. Muwasho unaisha siku ya pili, mteja anarudi anashukuru. Kinachotokea ni kwamba ile betamethasoni ni steroidi, inazima wekundu na muwasho huku fangasi inaendelea kutanuka chini kwa chini, baada ya wiki tatu baka limepoteza umbo lake na hata daktari akiliangalia halielewi. Na mgonjwa wetu tayari anameza steroidi (ile prednisoloni) kila asubuhi! Hapa sina cha kupima pande mbili, hizi ziacheni.

La tatu ni vidonge: flukonazoli, ketokonazoli, itrakonazoli, griseofulvini, terbinafini. Flukonazoli ndo inayotolewa kirahisi, yaani mtu anasema fangasi, anapewa flukonazoli. Kwa mtu mwingine sawa. Kwa anayemeza takrolimasi au saiklosporini, flukonazoli na ndugu zake wenye jina linaloishia na "-konazoli" wanazuia kimeng'enya cha kwenye ini kinachovunja hizo dawa, dawa inajaa kwenye damu. Dalili zake ni mikono kutetemeka, kichwa kuuma, presha na sukari kupanda, na kipimo cha kreatinini (kile cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) kikipimwa kimepanda. Yaani dawa ya kulinda figo inageuka sumu ya figo kwa sababu ya fangasi ya kwapa. Ketokonazoli ya kumeza hata bila figo ina shida ya kuumiza ini, Ulaya walipendekeza isitishwe mwaka 2013 kwa matibabu ya fangasi. Griseofulvini inaenda upande wa pili, inaweza kushusha levo, hasa ya saiklosporini, na levo ikishuka mwili unaanza kuikataa figo. Terbinafini ya kumeza haigombani sana na takrolimasi, lakini figo ikiwa inafanya kazi chini ya nusu haishauriwi.

Sasa msinielewe vibaya, vidonge vina nafasi yake. Fangasi ya kucha krimu haifiki. Mapunye ya kichwani krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Fangasi iliyosambaa mwili mzima nayo. Tofauti ni kwamba kliniki ya figo ikiamua kutoa flukonazoli wanapunguza takrolimasi kwa makusudi, wanapima levo baada ya siku chache, na ukimaliza wanairudisha juu tena. Hiyo hatua ya mwisho watu wanaisahau sana, dozi inabaki chini wakati flukonazoli imeshaisha. Hilo kufanyika kwa kubahatisha nyumbani haliwezekani. Na kwa fangasi ya kucha, kwa kweli, ukucha mbaya haujawahi kuua mtu, unaweza kusubiri mpaka tarehe ya kliniki.

Fangasi ya mdomoni (utando mweupe kwenye ulimi) naiweka hapa hapa kwa sababu mantiki ni ile ile: nistatini ya maji ya kusukutua haifyonzwi kwenye damu, flukonazoli inafyonzwa. Anza na nistatini. Ila ukimeza chakula na kinakwama au kinauma kifuani, fangasi imeshuka kooni, piga simu kliniki ya figo.

Angalizo moja kabla sijatoka hapa. Baka la rangi hafifu ambalo haliwashi na ukiligusa na pamba hulihisi, hilo sio mba. Fikiria ukoma, bado upo nchini, vipimo na dawa ni bure. Lakini dawa zake zina rifampisini, na rifampisini inashusha takrolimasi vibaya sana (ndo ile ile iliyopo kwenye dawa za TB), kwa hiyo anayekupima aambiwe kuhusu figo kabla hajafungua pakiti.

Majipu, vidonda na mguu uliovimba

Hapa krimu inashindwa mapema zaidi, na hatari kubwa inatoka kwenye dawa ya maumivu kuliko hata kwenye antibayotiki.

Kaka aliota jipu pajani, nikaenda duka moja huku Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kijana wa dukani wala hakuuliza umri. "Dada, hilo dogo hilo, mpe hii erithromaisini asubuhi mchana jioni, na diklofenaki ya maumivu, siku tano limekauka." Akavichomoa vyote viwili akaviweka juu ya kaunta. Nikamwambia, "mdogo wangu, huyu mgonjwa ana figo ya kupandikizwa, anameza takrolimasi." Akageuza boksi akalisoma nyuma, akaniuliza, "hiyo takro ndo ya presha?" Simlaumu, huenda mimi ndo mteja wake wa kwanza wa aina hiyo. Ila angalia alichoweka kaunta: erithromaisini inapandisha takrolimasi kama flukonazoli inavyofanya, na diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo. Viwili kwa pamoja, kwa figo moja.

Kwa hiyo ukilinganisha dawa za bakteria: kloksasilini, flukloksasilini, sefaleksini, na amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti hazina ugomvi mkubwa na takrolimasi, na ndo huwa zinachaguliwa kwa ngozi kama mtu hana aleji ya penisilini. Erithromaisini na klarithromaisini ziwekwe pembeni. Azithromaisini ni binamu yao ila ni mpole zaidi kwa upande huo. Kotrimoksazoli ni ya kuangaliwa, wagonjwa wengi wanaimeza kwa dozi ndogo ya kinga miezi ya mwanzo na hiyo ni sawa, ila dozi kamili ya matibabu inaweza kupandisha potasiamu na kreatinini. Sindano za gentamaisini ni sumu inayojulikana ya figo. Maumivu: parasetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na zote za familia hiyo hapana, hata moja, hata "ya leo tu". Kama kuna kitu kimoja cha kubandika kwenye friji ni hicho.

Jipu dogo lisilo na wekundu wa kutanuka: kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika mara kadhaa kwa siku, usilibinye, usilitoboe na sindano ya kushonea. Likiiva linapasuliwa hospitali kwa vifaa safi, na jipu lenye usaha ndani antibayotiki peke yake mara nyingi haiwezi, linataka kufunguliwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni hapa Kigoma, au Kitete kwa watu wa Tabora, wanafanya hiyo kazi bila wewe kusafiri.

Mguu uliovimba, mwekundu (kwa ngozi nyeusi unaona umekoza na unang'aa), wa moto, unauma ukigusa: hiyo hata usinunue kitu dukani. Chukua peni, chora mstari kuzunguka mwisho wa wekundu, andika saa. Wekundu ukivuka mstari huo, hata kama ni saa tatu tu zimepita, ujue hautaki vidonge, unataka dawa ya mshipa. Na kama umetibiwa siku kadhaa na haupungui, waombe wachukue kipande cha ngozi wakipime, maana kwa watu wa kinga ya chini kuna fangasi ya kriptokokasi inayojifanya mguu wa bakteria, mtu anabadilishiwa antibayotiki tatu kumbe adui ni mwingine.

Kwa sisi wa ziwani niongeze hili. Kusafisha migebuka na kuhe, mwiba unakuchoma, kesho umesahau. Kuna bakteria wa familia ya TB wanaoishi kwenye maji na samaki, wanaingia kwenye mchubuko na baada ya wiki kadhaa unaota kinundu kidogo kidoleni, kisha kingine juu yake mkononi, kama vimepangwa kwenye mstari. Krimu haigusi hiyo kitu hata kidogo. Matibabu ni miezi. Vaa glovu au mwachie mwingine kazi ya samaki, kaka yangu ameniachia mimi na anafurahia sana hiyo sheria.

Mkanda wa jeshi, tetekuwanga na chunjua

Mkanda wa jeshi hauna uchaguzi, ndo maana nitakuwa mfupi. Malengelenge upande mmoja wa mwili, maumivu ya kuchoma yakitangulia hata siku mbili kabla: ni asaikilovia ya kumeza, ianze ndani ya saa 72, na kwa mtu wa kupandikizwa hata ukichelewa bado unaanza kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka. Dozi ya kawaida ni miligramu 800 mara tano kwa siku, lakini inapunguzwa kama figo haifanyi vizuri na maji unatakiwa unywe ya kutosha, ndo maana dozi ipangwe na mtu anayejua kreatinini yako. Krimu ya asaikilovia kwa mkanda haisaidii, ni pesa ya bure. Majivu, dawa ya meno na majani yaliyopondwa juu ya malengelenge yaliyopasuka ni kuwakaribisha bakteria. Ukiona umetokea jichoni, kwenye paji la uso au ncha ya pua, au umetokea sehemu zaidi ya moja, ni kulazwa na dawa ya mshipa, siku hiyo hiyo.

Tetekuwanga: mtoto wa nyumbani akiugua na mgonjwa wetu hajawahi kuugua, usisubiri apate. Piga simu kliniki siku hiyo, kuna vitu wanaweza kumpa kabla hajaota hata kipele kimoja. Chanjo za virusi hai kwa aliyepandikizwa ni marufuku.

Chunjua zinakuja pole pole, baada ya mwaka au zaidi, na zinakuja nyingi. Unaweza kupaka asidi ya salisiliki, unaweza kuchomwa kwa baridi hospitali wenye hicho kifaa, au unaweza kuziacha. Mi nasema kama haziumi na sio za sehemu za siri ziache, ukizikata na wembe zinasambaa. Ila chunjua inayokua haraka, inayotoa damu au kidonda kisichopona hasa sehemu inayopigwa na jua, hiyo ikaangaliwe, kwa sababu saratani ya ngozi kwa watu hawa inajificha kwenye sura ya chunjua. Mwenye ualbino ambaye amepandikizwa anatakiwa awe mkali mara dufu kwa hilo.

Upele wa kuwasha usiku

Mtoto karudi likizo kutoka bweni, wiki mbili baadaye nyumba nzima inajikuna. Losheni ya benzili benzoeti ni rahisi kupata lakini inachoma na ngozi ya prednisoloni inailalamikia. Permethrini ya asilimia 5 ni ghali zaidi ila unapaka usiku mara moja mwili mzima (wengine wanaanzia shingoni kwenda chini, ila mtu wa kinga ya chini anapaka na kichwani, usoni na masikioni, akikwepa macho na mdomo), unaiosha baada ya saa 8 hadi 12, unarudia baada ya wiki. Kwa mgonjwa wetu mi ningetafuta pesa ya permethrini, wengine nyumbani watumie hiyo ya kuchoma, lakini wote siku moja, pamoja na shuka kufuliwa kwa maji ya moto. Aivamektini ya kumeza ipo, ila iamuliwe na kliniki. Cha kuogopa ni kwamba kwa kinga ya chini upele unaweza usiwashe sana, unajenga magamba mazito mikononi na kwenye viwiko na ndani yake kuna wadudu wengi mno, mtu anadhani ngozi imekauka anapaka mafuta.

Asali, mawese na mitishamba

Najua mnangoja hii. Asali ya Tabora kila mtu anaisifia kwa vidonda, na asali kweli inazuia bakteria. Ila asali inayotumika hospitali kwa vidonda imesafishwa kwa mionzi kuua mbegu za vijidudu, ile ya ndoo kutoka msituni haijafanyiwa hivyo. Kwa kidonda wazi cha mtu wa kinga ya chini siipaki. Kwenye chai sawa, kama sukari yake iko vizuri. Mawese kwenye ngozi kavu isiyo na kidonda sina ugomvi nayo zaidi ya kuharibu shuka. Shubiri mbichi na mwarobaini vya kupaka kwa ngozi nzima, jaribu sehemu ndogo kwanza.

Vya kunywa nakataa vyote. Sio kwamba dawa za miti hazifanyi kazi, shida ni kwamba zinafanya kazi halafu hakuna anayejua kwa levo gani. Mbona hata balungi, tunda la kawaida tu, linapandisha takrolimasi na wagonjwa wanakatazwa kulila? Kama tunda linaweza, mizizi iliyochemshwa saa nzima itashindwa nini?

Sasa uende wapi

Dukani: choa au mba wa eneo dogo, fangasi ya vidole, ngozi kavu, upele wa kuwasha. Nunua cha kupaka, kisicho na steroidi ndani. Bila mabadiliko baada ya wiki mbili, acha kubadilisha tyubu, nenda mbele.

Hospitali ya mkoa: jipu, mguu mwekundu, mkanda wa jeshi, joto la 38 au zaidi, kidonda cha upasuaji kinachotoa maji, na chochote ndani ya miezi sita ya mwanzo ambapo dozi za dawa ziko juu. Maweni na Kitete wanaweza kuanza matibabu na wakaongea na waliokupandikiza. Kukimbilia Dodoma na mguu unaovimba ndani ya basi siku nzima, wakati dripu ingeweza kuanza hapa hapa saa hiyo hiyo, huo ni uchaguzi mbaya hata kama hospitali ya kule ni kubwa.

Kliniki ya figo yenyewe: kidonge chochote kipya, kinundu kilichokaa zaidi ya wiki tatu, na mabaka au vinundu vya zambarau au rangi iliyoiva miguuni, usoni au mdomoni. Hayo ya zambarau nayataja peke yake kwa sababu huku kwetu mtu akiyaona anafikiria VVU tu, anaona aibu, anaficha. Saratani ya Kaposi inawapata waliopandikizwa figo bila VVU kabisa, na matibabu yake mara nyingi yanaanza kwa kubadilisha au kupunguza zile dawa za kushusha kinga, uamuzi ambao ni wa kliniki peke yao. Hakuna krimu hapo, na usiache dawa mwenyewe.

Ukipiga simu uwe na karatasi mbele yako: kreatinini ya mwisho na tarehe yake, levo ya takrolimasi ya mwisho, dozi unayomeza asubuhi na jioni, joto ulilopima sasa hivi, na kila kitu ulichopaka au kumeza tangu ngozi ianze, pamoja na kile alichokupa shangazi. Picha ipigwe mchana mlangoni kwenye mwanga, bila flashi, weka sarafu ya mia pembeni ya kipele waone ukubwa, moja ya karibu na moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili. Kama ulishapaka kitu chenye rangi, kioshe kwanza ndo upige.